Osha kwa Chumvi Zaidi, Shangazi

3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Sanduku limefika salama. Barafu kavu ilikuwa bado inafuka, na vichupa vyote kumi na viwili vimesimama kama ulivyovipanga. Barua hii naitia ndani ya sanduku hilo hilo linaporudi kwako, maana nakujua: ukipigiwa simu ya kazi unajibu neno moja tu, "Andika." Haya, naandika.

Mara ya mwisho ulisema nakuchanganya na masomo yangu, kwa hiyo nieleze taratibu. Ndani ya kila chembe hai kuna viwanda vidogo vinavyoitwa ribosomu. Humo protini inaungwa kama mnyororo, pete baada ya pete, na inachomoza kwenye tundu kichwa kwanza, huku mkia bado unaungwa ndani. Mnyororo huo ukiachwa peke yake unaweza kujisokota ovyo ukaharibika. Lakini kuna protini nyingine ambazo kazi yao ni kuupokea na kuushika mpaka ujikunje vizuri. Mimi naziita wakunga. Profesa wangu anashikilia kwamba mkunga anakuja baadaye, mnyororo ukishakamilika na kuondoka kiwandani. Mimi nasema yupo mlangoni tangu kichwa kinapochungulia. Nimebishana naye miaka mitatu. Mwezi Aprili jopo linakaa kuamua kama naendelea na utafiti au nafungasha virago, na wanataka kuona ushahidi, si maneno.

Ushahidi ndio huo unaoniandalia wewe, kwa sababu ninyi ndio wenye mashine kubwa ya kuzungusha. Sampuli zako nimezipitisha kwenye jeli, kila protini ikasimama kwenye mstari wa uzito wake. Mkunga ninayemtafuta ana uzito wa sabini, na mstari wake nimeuona, ila ni hafifu mno, kama penseli iliyofutwa. Chini yake, karibu na hamsini, kuna mstari mwingine, mnene, mweusi, ambao sikuuomba. Huo ni uchafu, Shangazi. Bi Usafi mzima, uchafu umepitia mlango gani? Sampuli zijazo naomba uzioshe kwa chumvi zaidi mpaka mstari huo utoke.

Msalimie Baba. Mwambie nitapiga simu Jumapili.

Kimbelembele wako


10 Februari

Kimbelembele,

Marahaba. Huku wazima. Baba yako naye mzima, kila siku ananiuliza utamaliza lini kusoma, kana kwamba mimi ndiye ninayekusahihisha.

Sasa tuje kwenye huo uchafu wako. Nina miaka ishirini na sita katika chumba hiki cha baridi. Navaa sweta mwaka mzima mpaka majirani wanadhani naumwa. Jina la Bi Usafi sikujipa mwenyewe. Bakteria nawagandisha ghafla ili kila kiwanda kisimame pale pale kilipofikia. Nawasaga wakiwa barafu. Nawazungusha juu ya maji ya sukari kwa muda wa saa nne, mpaka chini ya kichupa pabaki kidonge cha ribosomu kisicho na rangi, kama tone la gundi lililokauka. Ukikitafuta kwa haraka hukioni. Hicho nakiosha mara moja, kwa chumvi kidogo, basi.

Chumvi nyingi kwenye kazi hii siipendi. Ukiniuliza sababu ya kitabuni sina, mikono yangu tu ndiyo haitaki. Lakini msomi ni wewe. Ukitaka niongeze, andika ni kiasi gani na mara ngapi, utie sahihi, niweke kwenye faili. Usinune. Ndivyo ninavyofanya na kila mtu, hata Mkuu wetu wa maabara akitaka kitu nje ya kawaida namwambia aandike.

Na ukiniita mchafu tena nitamwambia baba yako ni nani aliyevunja kile kioo cha saa yake.

Shangazi yako


17 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Sikukuita mchafu, nimesema mstari ni mchafu. Lakini sawa, utaratibu wako naujua, nisije nikaambiwa nina haraka.

Maelekezo: kila kidonge kioshwe mara tatu, kwa maji yenye chumvi mara kumi ya kiwango chako cha kawaida. Nimeelekeza mimi, na sahihi yangu ni hii hapa chini.

Tafadhali zifike mapema. Profesa ameanza kunitania mbele ya wenzangu, ananiuliza mkunga wangu amepata usafiri au bado.

Kimbelembele (sahihi kamili nyuma ya karatasi)


4 Machi

Kimbelembele,

Vichupa kumi na viwili, vimeoshwa mara tatu, chumvi mara kumi, kama ulivyoelekeza. Barua yako ipo kwenye faili.

Vidonge vimepungua kidogo kwa macho. Nakutaarifu tu.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimechoka, na naandika nikiwa nimechoka, kwa hiyo univumilie.

Jeli ya kwanza: mstari mchafu umetoka. Nilifurahi kama mjinga. Kisha nikatafuta mstari wa sabini, na huo nao haupo. Nikasema labda jeli ni mbovu. Nikarudia. Nikafungua sampuli ulizoleta katikati ya mwezi, nazo hivyo hivyo. Hizi za wiki hii, hivyo hivyo. Ribosomu zipo, mistari yake yote naiona inang'aa, safi, na hakuna mkunga hata mmoja. Profesa alikuja akasimama nyuma yangu akatazama picha, akanipiga bega. "Nilikwambia," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Mwezi Februari alikuwepo. Hafifu, lakini alikuwepo. Sasa hayupo. Mimi kwangu hakuna nilichobadilisha, jeli ni ile ile na mikono ni ile ile. Ndiyo maana inanibidi nikuulize, na usikasirike: huko kuna kilichobadilika? Mashine mmeifanyia matengenezo? Bakteria wanakaa nje muda mrefu kabla ya kugandishwa? Umechoka, Shangazi? Ukichoka ni haki yako, sema tu, nitafute mtu mwingine.

Jopo ni tarehe 26. Sina cha kuwaonyesha.

Kimbelembele


9 Aprili

Wewe mtoto,

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaenda kupima mizani zote tatu, nikarudi nikaisoma tena. Mizani ziko sawa. Mashine iko sawa. Bakteria wanagandishwa kwa pumzi moja kama siku zote. Mimi sijachoka, na siku nikichoka nitaandika mwenyewe kwamba nimechoka na nitatia sahihi.

Unasema hakuna kilichobadilika. Kimebadilika kimoja, nacho umekibadilisha wewe. Zamani naosha mara moja, sasa naosha mara tatu kwa chumvi ya kukaushia ngozi. Shati ukilisugua sana doa linatoka, na rangi nayo inatoka. Nikuandalie seti moja ya kuosha kidogo, ya zamani, uzilinganishe? Nahitaji wiki moja tu. Nijibu haraka ili niwahi jopo lako.

Shangazi yako


24 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kwa sasa usiandae sampuli nyingine mpaka nitakapokueleza. Kuna mambo yanapangwa upya huku.

Wasalimie nyumbani.

Kimbelembele


2 Mei

Kimbelembele,

Juzi Mkuu aliniita ofisini. Katika miaka yote hii ameniita ofisini mara mbili tu: siku nilipoajiriwa na siku alipofiwa. Alikuwa ameshika karatasi kutoka kwa Profesa wako. Akanisomea mstari mmoja, akaurudia, nadhani naye hakuamini. "Mwanafunzi ameeleza kwamba sampuli haziaminiki kutokana na uzembe katika maandalizi."

Uzembe, mwanangu. Neno hilo mimi huwaambia wengine.

Akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema nahitaji kufikiri. Akasema basi wakati nafikiri, nisiguse mashine kubwa. Nimehamishiwa stoo. Nabandika lebo kwenye chupa tupu. Mashine amepewa dada mmoja mpya, mpole sana, ananiita Mama, anakuja stoo kila baada ya nusu saa kuniuliza kitufe gani ni cha nini. Namwonyesha. Nifanyeje, nimnyime?

Sasa nakuuliza, na nijibu bila kuzunguka. Mwanafunzi aliyeeleza ni wewe? Barua yako ya tarehe 17 Februari ipo kwenye faili langu, na sahihi nyuma ya karatasi. Sijamwonyesha Mkuu. Nikimwonyesha, kesho narudi kwenye mashine, na wewe jopo lako litajua kwamba sampuli ziliharibiwa na maelekezo yako mwenyewe. Ndiyo maana nilimwambia nahitaji kufikiri.

Shangazi yako


8 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii huku nalia, sikufichi.

Neno "uzembe" si langu. Mimi nilisema "huenda." Jopo liliniuliza kwa nini mwezi Februari nilikuwa na mstari na mwezi Machi sina, nikasema huenda kuna tatizo katika maandalizi, na maandalizi yanafanyika mbali, siyaoni kwa macho. Profesa ndiye aliyeandika vile. Sikujua kwamba angeipeleka karatasi kwa Mkuu wenu. Naapa sikujua.

Wamenipa nafasi mpaka mwisho wa Septemba. Walikubali kwa sababu hiyo tu, kwamba kosa halikuwa langu. Ukiitoa ile barua sasa hivi wataniondoa siku hiyo hiyo. Wewe una jina la miaka ishirini na sita, Shangazi, halitaanguka kwa karatasi moja, kila mtu hapo anakujua. Mimi sina jina. Nikitoka hapa sina pa kwenda, narudi nyumbani kukaa na Baba nimsikilize akiniuliza kila asubuhi.

Nakuomba usiitoe. Nikipata matokeo nitarekebisha kila kitu.

Kimbelembele wako


23 Mei

Kimbelembele,

Barua sijaitoa. Usilie, unapoteza muda, na Septemba haiko mbali.

Stoo ina faida moja, imepakana na meza ya jeli ndogo ambayo hakuna anayeitumia saa ya chakula. Wewe hukuwahi kuniuliza maji niliyooshea vidonge vyako nayapeleka wapi. Wengi huyamwaga. Mimi siyamwagi mpaka mwenye sampuli aseme ameridhika, na wewe mwaka huu hujasema umeridhika hata siku moja. Kwa hiyo yako kwenye friza, Machi na Aprili, yote. Wiki iliyopita niliyatoa nikayapitisha kwenye jeli badala ya kula.

Picha nimeiambatanisha. Tazama kushoto, maji ya kuoshea mara ya kwanza. Mstari wako wa sabini huo hapo. Na ule wa hamsini huo hapo, mnene, mweusi, kama ulivyoulalamikia. Wote wawili tuliwatoa mlangoni kwa chumvi tukawatia kwenye ndoo.

Huyo wa hamsini mimi simjui jina. Ila si uchafu, na hili nakwambia kama mtu aliyefuta uchafu tangu hujazaliwa. Uchafu leo upo, kesho haupo, leo mkubwa, kesho mdogo. Huyu amekuja kwenye vichupa vyote kumi na viwili, uzito ule ule, wingi ule ule. Uchafu hauna adabu ya namna hiyo. Huyu ana kazi pale. Nenda ukamtafute kwenye vitabu vyako.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wewe ulimwona mkunga amekaa mlangoni ukaniamuru nimfukuze, kwa sababu si yule uliyemtaka.

Ndani ya sanduku kuna vichupa vinne vya Februari nilivyojiwekea akiba, vilivyooshwa mara moja tu. Ndivyo vilivyobaki. Usivifungue vyote siku moja, nakujua.

Shangazi yako


14 Juni

Shangazi, Shangazi, Shangazi,

Shikamoo mara mia. Sijui nianzie wapi.

Wa hamsini nimempata. Ni mkunga, wa aina nyingine, na vitabu vinamjua, ila mimi macho yangu yote yalikuwa kwa yule wa sabini. Inaonekana huyu mdogo ndiye anayewahi. Anakaa kwenye ukingo wa tundu la ribosomu, mnyororo ukichomoza anaupokea, na yule mkubwa anakuja nyuma yake. Ndiyo maana wa sabini alikuwa hafifu. Hakuwa mgonjwa, zamu yake ilikuwa haijafika.

Nilifanya jaribio moja ambalo ungelipenda. Nilikigawa kichupa kimoja, nusu nikaitia dawa inayoukata mnyororo kutoka kwenye ribosomu. Mnyororo ulipotoka, wa hamsini naye akapungua sana. Kwenye nusu ambayo sikutia dawa, amebaki pale pale. Maana yake alikuwa ameushika, Shangazi. Ameushika wakati bado unaungwa. Nimefanya hivyo kwa vichupa vitatu, na kimoja nimekiacha kizima, uone nimekua.

Profesa alitazama picha dakika nzima. Hakunipiga bega. Aliniambia niandae maelezo ya mkutano mkuu wa Agosti, na anadhani jopo halitakuwa na neno. Jana amenitambulisha kwa mgeni kama "mwanafunzi wangu mwenye wakunga." Nimesahau mara ya mwisho nilipolala vizuri namna hii.

Umeniokoa. Katika andiko nitakuweka kwenye shukrani, wa kwanza kabisa, kabla hata ya Profesa.

Kimbelembele wako


22 Juni

Wewe,

Nimefurahi kuhusu mkunga. Nimefurahi kweli, nilimwambia hata yule dada wa mashine, tukatazama picha yako pamoja.

Kisha nikaisoma tena barua yako, taratibu, nikitafuta. Kurasa mbili. Umenieleza Profesa alitazama picha dakika ngapi. Umenieleza umelala vizuri. Kuhusu stoo, hakuna neno. Ulisema ukipata matokeo utarekebisha kila kitu. Matokeo umeyapata. Unangoja nini?

Unaniweka kwenye shukrani. Kwenye shukrani watu huandika mama zao na aliyewapikia chai. Mimi kwenye karatasi za ofisi hii nimeandikwa mzembe, na karatasi hiyo haina mahali pa shukrani. Wiki iliyopita Mkuu alikuja stoo kutafuta chupa. Zamani angenitania kuhusu sweta. Alichukua chupa akasema asante, akatoka. Nilikaa chini. Nakwambia ukweli, nilikaa chini kwenye kreti, na mimi si mtu wa kukaa kwenye kreti.

Faili lipo. Nimelitoa mara nne na mara nne nimelirudisha. Sitaionyesha ile barua, na usidhani ni kwa upole. Nina hasira na wewe. Siionyeshi kwa sababu hii si kazi yangu. Nilikuoshea vidonge mara tatu kwa sababu ulitia sahihi. Hili utaliosha mwenyewe.

Shangazi yako


1 Julai

Kwa Mkuu wa Maabara,
Nakala: Profesa msimamizi, Jopo la Utafiti, Fundi Mkuu wa Maandalizi.

YAH: SAMPULI ZA MACHI NA APRILI

Mheshimiwa,

Ninaandika kurekebisha taarifa iliyokufikia mwezi Aprili, iliyosema kwamba sampuli za utafiti wangu hazikuaminika kutokana na uzembe katika maandalizi. Taarifa hiyo si ya kweli, na chanzo chake ni mimi.

Tarehe 17 Februari nilimwelekeza fundi, kwa maandishi na kwa sahihi yangu, aoshe kila kidonge mara tatu kwa chumvi mara kumi ya kawaida. Nilifanya hivyo ili kuondoa mstari wa uzito wa hamsini nilioudhani kuwa uchafu. Tarehe 10 Februari fundi alikuwa amenitahadharisha kwamba chumvi nyingi haifai. Tarehe 9 Aprili alinionya tena na kujitolea kuandaa sampuli za kulinganisha. Nilimwambia asiandae. Mbele ya jopo nilisema huenda tatizo lilikuwa katika maandalizi, wakati nilikuwa na onyo lake mfukoni.

Fundi alihifadhi maji ya kuoshea kwa utaratibu wake mwenyewe, akayapima kwa muda wake mwenyewe, akagundua kwamba wakunga wote wawili, yaani protini zinazoupokea mnyororo mpya kwenye ribosomu, walikuwa wameondolewa na chumvi. Matokeo nitakayoyawasilisha yametokana na ugunduzi huo. Nimeomba jina lake liandikwe kama mwandishi wa andiko, si kwenye shukrani.

Natambua kwamba jopo lilinipa muda wa nyongeza kwa kuamini taarifa isiyo ya kweli. Naliachia jopo liamue.

Ninaomba radhi kwako, kwa Profesa na kwa jopo.

Mwanafunzi wa utafiti
(sahihi)


11 Julai

Kimbelembele,

Mkuu alipata barua yako Jumatatu. Saa tano alikuja stoo, akasimama mlangoni, akaniambia, "Bi Usafi, mashine inakungoja." Nikavaa sweta nikarudi. Yule dada alinikumbatia, alikuwa amechanganya mafuta ya pampu na ya mlango, mashine inanuka mpaka sasa.

Nakala yangu ilikuja siku hiyo hiyo. Ni barua nzuri. Tarehe zote ni sahihi, nimezilinganisha na faili. Baba yako nimempa aisome, akavua miwani, hakuniuliza utamaliza lini.

Najua inaweza kukugharimu. Sitakuambia nasikitika kwamba umeiandika, maana sisikitiki.

Lakini kuna jambo limenikaa hapa kifuani, na nisipolisema litaniua. Umemwomba radhi Mkuu. Umemwomba Profesa, aliyeandika lile neno. Umewaomba watu wa jopo, ambao hawajui hata nyumbani kwenu ni wapi. Nimegeuza karatasi nikatazama nyuma. Ya kwangu iko wapi?

Shangazi yako


19 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Jopo lilikaa jana. Muda wa nyongeza wameufuta. Wamesema mkunga ni wa kweli, na wamesema pia mtu anayelidanganya jopo hawezi kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Naruhusiwa kuomba upya mwakani, kama mtu anayeanza. Mkutano wa Agosti Profesa atakwenda mwenyewe. Jina lako na langu yote mawili yatakuwa kwenye andiko, hilo amelikubali. Nimefungasha vitu vyangu kwenye katoni mbili, nakuja nyumbani Alhamisi. Usimwandae Baba, nitamwambia mimi.

Umeuliza ya kwako iko wapi. Nimeianza mara nyingi nikaichana. Kila nikiiandika inatoka kama ile ya Mkuu, ina tarehe na sababu, na wewe sababu zote unazijua, uko nazo kwenye faili.

Nikwambie ambacho hakimo kwenye faili. Siku ile kwenye jopo, waliponiuliza kosa ni la nani, sikujibu papo hapo, na hilo sikukwambia. Lile "huenda" halikunitoka tu. Nilipata muda wa kufikiri. Nilifikiria kumtaja aliyeuza chumvi. Nilifikiria kumtaja anayeitunza mashine ya jeli. Nikaona hao wote watajitetea. Nikakutaja wewe, kwa sababu katika watu wote ninaowajua, nilikuwa na hakika kwamba wewe hata nikikutupa hutanitupa.

Nisamehe, Shangazi.

Mtoto wa kaka yako